Komanda aliyepandisha mashua juu ya Mitumba

Kiangazi, potopoto ikikauka, vijana wetu wa Uvira wanapenda kupandisha moto mu milima, kwa raha tu. Mu 1915 mzungu mumoja alipandisha mlimani kitu kizito kupita moto: mashua mbili za vita, kila moja na urefu wa mita 12.

Geoffrey Spicer-Simson alizaliwa Tasmania mu 1876. Aliingia mu jeshi la maji la Uingereza akiwa kijana, lakini bahati haikumupenda, na majivuno yake hayakumusaidia. Ndiyo maana walimupatia kazi wengine hawakuitaka: kufukuza Wajerumani mu ziwa Tanganyika. Tangu Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameharibu bato ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na maji yote yalikuwa yao, toka huku kwetu mpaka kusini.

Mashua zake aliziita Mimi na Toutou. Mwenye kujua kifaransa anaweza kucheka: ni paka na mbwa!

Treni ilizifikisha Fungurume, pale wachimbaji wengi wanapajua. Reli ikaishia hapo. Tarehe 18 Agosti wakaingia mu pori, karibu kilometa 235 mpaka Sankisia. Masini mbili za mvuke, za magurudumu makubwa ya chuma, zilivuta mashua. Watu wa Katanga kwa mamia walikata miti, wakapasua mawe, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Penye mlima mkali masini zilishindwa. Basi walifunga kamba kwenye mti mukubwa kule juu, ng'ombe wakavuta wakishuka, mashua ikapanda. Mwenye kuvuta mzigo mu shimo ataelewa akili hiyo. Na maji ya masini yalipoisha, ni wamama walioleta maji kichwani, toka mbali, masini zinywe kwanza. Medali ilienda kwa komanda.

Sankisia walifika tarehe 28 Septemba. Kisha treni, mto Lualaba, treni tena, mpaka Kalemie. Tarehe 26 Desemba wakakamata Kingani ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Komanda, mwenye kuvaa sketi ya kaki na michoro mwili mzima, akawa mutu wa kushangaza pale ziwani.

Lakini Graf von Götzen, bato kubwa kuliko zote, ilipoonekana, alikataa kutoka. Kwangu mimi, hapo ndipo ukubwa wake uliisha. Askari wa Olsen ndio walivuka Ruzizi, wakachukua Usumbura, wakateremka mpaka Kigoma. Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe mu Julai.

Spicer-Simson alirudi kwao mugonjwa ule mwaka, hakupewa tena meli, akafa Canada mu 1947. Götzen ilitolewa majini mu 1924. Ndiyo Liemba, ile iliyorudisha wakimbizi wetu toka Kigoma mu 1997.