Dk. Margaret Harper: Aliyesoma matumbo ya watoto wa Sydney

SYDNEY – Katika baadhi ya wodi za watoto njiti, hasa zile zinazofanya utafiti, kichanga ambacho hakijafika hata kilo moja hubandikwa tumboni kijidude kinachopitisha mwanga ndani ya ngozi, kupima kama utumbo unapata hewa ya kutosha kutoka kwenye damu. Madaktari hutumia pia ultrasaundi, ile ile wanayopimiwa akina mama wajawazito, kutazama kasi ya damu katika mshipa unaolisha utumbo. Wanachokiogopa ni ugonjwa unaovimbisha utumbo wa njiti, ukauozesha na hata kuutoboa, pengine ndani ya saa chache tu.

Miaka mia moja iliyopita hapa Sydney vifaa hivyo havikuwapo. Palikuwa na mizani, nepi, na macho ya daktari kama hayati Margaret Harper.

Alizaliwa Melbourne mwaka 1879, binti wa mchungaji wa Kipresbiteri, Andrew Harper, ambaye baadaye alikuja Sydney kuongoza chuo cha St Andrew's. Margaret alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1906, enzi ambazo daktari mwanamke alitazamwa kama kioja. Mwanzoni mwa karne ile, karibu mtoto mmoja kati ya kumi jijini hapa alikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kuharisha kwa majira ya joto ndiko kulikoua wengi, maana maziwa ya ng'ombe yalikuwa machafu na yaliharibika kabla ya kufika mdomoni mwa mtoto. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Harper alifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Royal Alexandra, na katika Royal Hospital for Women, wakati huo ikiwa Paddington, alikabidhiwa vichanga. Alikuwa pia miongoni mwa madaktari wanawake walioanzisha hospitali iliyokuja kuitwa Rachel Forster, mwaka 1922. Alisafiri hadi New Zealand kujifunza mbinu za Truby King za kulea watoto, lakini hakuzimeza zote. Alishikilia kwamba ziwa la mama ndilo la kwanza, na kwamba mtoto apimwe yeye kama yeye, si kwa kanuni za kitabuni. Hata hivyo mwaka 1926 yeye mwenyewe alitoa kitabu, The Parents' Book, kilichochapwa tena na tena kwa miaka mingi.

Lakini jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yangu, ni lile linalotajwa kidogo. Walikuwapo watoto wenye matumbo makubwa, mikono na miguu kama vijiti, na choo chenye mafuta na harufu kali. Wote waliwekwa kapu moja, wakaambiwa wana ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wenyewe ndio mbovu. Mwaka 1930 Harper aliandika katika jarida la madaktari wa Australia juu ya watoto wawili ambao kasoro yao, alionyesha, ilikuwa kwenye kongosho. Walikuwa wakila, tena kwa hamu, lakini majimaji ya kusaga mafuta hayakufika utumboni.

Miaka minane baadaye, Dk. Dorothy Andersen wa New York aliueleza ugonjwa huo kwa upana, kwa kesi nyingi, na dunia ikamsikia. Alistahili, sibishi. Ila habari iliyotoka Sydney mwaka 1930 ilikuwa imetoka mbali mno, na wengi hawakuisoma. Mwandishi aliye mbali na kwao analielewa hilo.

Leo watoto wenye ugonjwa huo, unaojulikana kama sistiki faibrosisi, humeza kila mlo vidonge vyenye vimeng'enya ambavyo kongosho lao limeshindwa kuvifikisha. Dk. Harper alifariki mwaka 1964. Hospitali yake ya Paddington ilihamia Randwick mwaka 1997, na njiti wangali wakipokelewa huko, usiku na mchana.