Bibi Lise Meitner na Nguvu ya Kiini cha Atomi

Wengi wamesikia habari za mitambo itoayo umeme kwa kupasua atomi. Wachache wamesikia habari za mwanamke ambaye, pamoja na mtoto wa dada yake, alikuwa wa kwanza kueleza nguvu hiyo yatoka wapi.

Lise Meitner alizaliwa mwaka 1878 mjini Vienna, katika nchi ya Austria, nyumbani mwa mwanasheria Myahudi. Siku zile shule za juu zilikuwa za wavulana. Basi alifundishwa nyumbani, akafaulu mtihani, na mwaka 1906 akapata udaktari wa elimu ya fizikia. Mwaka uliofuata alikwenda Berlin kufanya kazi na mkemia Otto Hahn. Mkuu wa mahali pale hakupenda wanawake waingie vyumbani mwa wanafunzi, kwa hiyo bibi huyu alipewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala. Mshahara hakupewa. Mwaka 1908 alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri.

Miaka 30 baadaye Hitler aliitwaa Austria. Sheria zake hazikujali ubatizo: aliyezaliwa na Wayahudi alihesabiwa kuwa Myahudi. Mwezi wa Julai 1938 bibi huyu, mwenye umri wa miaka 59, alitoroka kwa treni mpaka Uholanzi akiwa na marki 10 tu, pamoja na pete aliyopewa na Hahn ili awahonge walinzi wa mpaka ikibidi. Kutoka huko alifika Sweden. Alipewa mahali pa kukaa, lakini vyombo vya kazi havikutosha.

Mwezi wa Desemba Hahn na mwenzake Strassmann waliipiga urani kwa nutroni, wakaona bariamu, ambayo uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya urani. Hahn hakuelewa, akamwandikia. Siku za Krismasi bibi alikuwa katika mji mdogo wa Kungälv, na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, alikuwa amemtembelea. Wakatoka kutembea katika theluji, kijana juu ya mbao za kutelezea, shangazi kwa miguu. Wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Kiini cha urani, waliona, ni kama tone la maji: likitikiswa hurefuka, hubanwa katikati, hukatika. Tena vipande viwili vikipimwa pamoja, uzito umepungua kidogo. Uliopotea umegeuka kuwa nguvu, kama Einstein alivyokwisha kufundisha.

Kwa kiini kimoja nguvu hiyo ni ndogo mno. Lakini kilo moja ya urani ya namna ipasukayo, ikipasuka yote, hutoa joto kupita tani 2,000 za makaa ya mawe. Kila kiini kipasukacho hutoa nutroni mbili au tatu zinazopasua vingine. Mitamboni huwekwa fimbo za kumeza nutroni ili moto usizidi, na joto huchemsha maji, mvuke ukazungusha mashine za umeme. Taka zake ni za hatari kwa maelfu ya miaka, jambo lisilofaa kufichwa.

Jua hufanya kinyume: huunganisha viini vinne vya hidrojeni kuwa kimoja cha heliamu, na uzito hupungua sehemu 7 katika 1,000. Sheria ni ile ile, maana vizito hutoa nguvu vikipasuka, na vyepesi vikiungana. Lakini viini husukumana, hata duniani yatakiwa joto la digrii milioni 100 au zaidi. Mwezi wa Desemba 2022, huko California, mwanga wa leza wenye nguvu ya megajuli 2.05 ulizaa 3.15, ila leza zenyewe zilikuwa zimekula kama 300.

Mwaka 1943 bibi Meitner aliitwa kusaidia kutengeneza bomu, akakataa kabisa. Nishani ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake. Mimi naona hiyo haikuwa haki. Hata hivyo urafiki wao haukukatika. Alifariki Cambridge mwaka 1968, akazikwa Bramley karibu na ndugu yake mdogo. Mwaka 1997 elementi ya 109 iliitwa kwa jina lake, meitneri.