Margaret McMillan, Mlezi wa Watoto wa Mitaa ya Wafanyakazi

Margaret McMillan alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi Waskoti. Baba yake alipofariki, mama aliwarudisha watoto Inverness, Uskoti.

Mwaka 1894 alichaguliwa kuwa mjumbe wa bodi ya shule ya Bradford, mji wa viwanda nchini Uingereza. Huko aliona watoto wakiingia darasani na njaa, uchafu na maradhi. Yeye na wenzake walidai chakula shuleni, na sheria ya mwaka 1906 ikaziruhusu halmashauri kukitoa.

Mwaka 1910, pamoja na dada yake Rachel, alifungua zahanati ya watoto Deptford, London. Watoto walipona, kisha wakarudi na maradhi yaleyale, kwa kuwa walirudi katika vyumba vilevile. Basi mwaka 1914 wakaanzisha shule ya chekechea ya bustanini, yenye hewa safi, maji ya kuoga, mlo, usingizi na michezo.

Rachel alifariki mwaka 1917, lakini Margaret hakuishia kwenye bustani ile. Mwaka 1923 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Shule za Chekechea cha Uingereza. Mwaka 1930 chuo cha walimu chenye jina la Rachel kilifunguliwa Deptford. Margaret alifariki mwaka uliofuata.

Ndugu msomaji, huruma ya mtu mmoja huwafikia watoto anaowaona. Ili iwafikie asiowaona, yahitaji chama, sheria na walimu.