Booker T. Washington na tanuri la nne

Kijana, umepata nafasi katika chuo cha kiufundi na mtaani wanakucheka eti umefeli? Hebu msikie Booker T. Washington.

Alizaliwa mtumwa mwaka wa 1856, Virginia, Marekani. Utumwa ulipokomeshwa, bado akiwa mtoto, alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi na migodi ya makaa ya mawe. Mwaka wa 1872 alifunga safari ya karibu kilomita 800 hadi Chuo cha Hampton, nyingine kwa miguu. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa nini? Kufagia chumba! Alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akapokelewa. Alilipia masomo kwa kufanya usafi hapo hapo chuoni.

Mwaka wa 1881 alipewa kazi ya kuanzisha chuo cha walimu weusi Tuskegee, Alabama. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, za mishahara tu. Ardhi na majengo? Ajitafutie. Alianza na wanafunzi 30 katika kibanda kilichovuja, kisha akanunua shamba lililoachwa kwa dola 500.

Wakahitaji matofali. Wanafunzi walinung'unika: walikuja kusoma vitabu, si kusimama kwenye tope hadi magotini. Tanuri la kwanza likaharibika. La pili pia. La tatu likaporomoka usiku, saa chache kabla ya matofali kuiva. Pesa zilikuwa zimeisha, basi akaweka saa yake rehani kwa dola 15. Tanuri la nne likafaulu! Mji haukuwa na kiwanda cha matofali, kwa hivyo hata majirani wazungu wakaja kununua. Kufikia mwaka wa 1901 chuo kilikuwa na majengo 40, na yote isipokuwa manne yalijengwa na wanafunzi.

Waliohitimu wakaenda kufundisha vijijini, vitabu kichwani na ufundi mikononi.

Lakini usidanganyike, hakupendwa na wote. Mwaka wa 1903 msomi W.E.B. Du Bois alimkosoa kwa kuwataka weusi watulie na ufundi huku haki ya kupiga kura na elimu ya juu zikisubiri. Hoja hiyo ilitufikia hata sisi. Mwaka wa 1925, miaka 10 baada ya Washington kufa, wakoloni walifungua Jeanes School huko Kabete kufunza walimu wa vijijini kwa mfano wa shule za weusi wa Marekani. Waafrika wengi walishuku kwamba jembe na randa vilikuwa njia ya kuwanyima kalamu.

Kwa hivyo ukiingia chuoni, uliza mambo matatu. Je, mwalimu anaijua kazi kwa mikono yake? Ukiharibu, utaruhusiwa kujaribu tena? Na ukitaka kuendelea hadi chuo kikuu, mlango uko wazi? Ukijibiwa ndiyo mara tatu, waache wacheke. Wewe choma matofali.