Enzo Ferrari na vita vya silenda 12

Mwaka wa 1986, ndani ya kiwanda cha Maranello, Italia, mafundi walimaliza gari moja ya mashindano ya Marekani. Ilipimwa, ilionyeshwa kwa waandishi wa habari, lakini haikuingia hata shindano moja. Kazi yake ilikuwa kutisha watu tu. Wakati ule wakubwa wa Formula 1 walikuwa wanatayarisha kanuni za miaka ya mbele, na walikuwa na mpango wa kukataza moteri kupita silenda 8. Enzo Ferrari, mzee wa miaka 88, alitaka 12. Akawajulisha kwamba kama ni hivyo, yeye anahamia Marekani. Kumbe hata ile gari ya kutisha ilikuwa na silenda 8, sababu Wamarekani nao walikuwa na kanuni zao!

Kwa nini kugombana juu ya hesabu ya silenda? Tuchukue moteri mbili za ukubwa mmoja, lita 3 na nusu. Ile yenye silenda 12 ina pistoni ndogo na nyepesi, kwa hiyo inaweza kuzunguka mbio zaidi na kutoa nguvu nyingi. Lakini ni ndefu, ni nzito, inakunywa mafuta. Wanaipanga kwa mistari miwili ya silenda sita-sita, imeinama kama herufi V, ndiyo maana inaitwa V12.

Enzo alizaliwa Modena mwaka wa 1898. Baba yake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka wa 1916 baba alikufa, na kaka yake pia. Jeshini, kijana alipewa kazi ya kupiga viatu vya chuma kwenye kwato za nyumbu. Vita ilipoisha aliomba kazi Fiat, wakamkatalia. Akakuwa dereva wa mashindano wa Alfa Romeo, na mwaka wa 1929 akaanzisha timu yake, Scuderia Ferrari.

Hakuwa injinia. Alijua kuchagua mainjinia, na kuwagombanisha pia. Gari ya kwanza yenye jina lake ilitoka mwaka wa 1947, na moteri yake ilichorwa na Gioacchino Colombo: V12 ya lita 1 na nusu tu. Silenda 12 kwa moteri ndogo vile! Wengi waliona ni wazimu. Lakini Enzo alipenda V12 tangu ujana, alipoona magari ya Packard ya Wamarekani.

Hata hivyo, anayesema mzee alijua V12 tu anakosea. Kanuni zilipobadilika, naye alibadilika. Injinia Aurelio Lampredi alimtengenezea V12 kubwa ya lita 4 na nusu, bila kompresa. Alfa Romeo zilikuwa na moteri ndogo yenye kompresa, iliyokunywa mafuta vibaya sana. Tarehe 14 Julai 1951, kule Silverstone, José Froilán González aliwapiga. Mwaka uliofuata ubingwa ukakimbizwa kwa kanuni za lita 2. Lampredi akaleta moteri ya silenda 4, na Alberto Ascari akachukua ubingwa mara mbili, 1952 na 1953.

Kisha ikaja V6, na hiyo ina kilio ndani yake. Mtoto wake Alfredo, aliyeitwa Dino, alikuwa na ugonjwa wa misuli. Akiwa kitandani aliongea na baba yake na injinia mzee Vittorio Jano juu ya moteri ile. Alikufa tarehe 30 Juni 1956, na miaka 24. Moteri ilipewa jina lake. Mwaka wa 1958 Mike Hawthorn alikuwa bingwa wa dunia kwa gari ya Dino.

Kichwa chake kilikuwa kigumu sana sana juu ya mahali pa kuweka moteri. Waingereza wa Cooper waliiweka nyuma ya dereva. Enzo alikuwa anasema ng'ombe huvuta mkokoteni, hausukumi. Cooper wakachukua ubingwa wa 1959 na wa 1960, na ng'ombe wa mzee wakahamia nyuma. Mwaka wa 1961 Phil Hill alishinda na V6 ya nyuma, lakini hakuna aliyecheza ngoma: mwenzake Wolfgang von Trips alikufa Monza, pamoja na watazamaji wengi.

Basi turudi kwa ile gari ya 1986. Kanuni za mwisho zilifuta turbo kuanzia 1989, zikaruhusu lita 3 na nusu na silenda mpaka 12. Mzee alipata alichotaka, na gari ya Marekani ikawekwa pembeni.

Hakuiona V12 mpya ikishindana. Alikufa tarehe 14 Agosti 1988, na miaka 90. Mwezi wa tatu mwaka wa 1989, Nigel Mansell alishinda nayo Brazil, shindano lake la kwanza kabisa. Mwaka ule Ferrari ziliharibika mara nyingi, na ubingwa ukaenda kwa McLaren yenye moteri Honda ya silenda 10. V12 ilishinda Formula 1 mara ya mwisho Canada, mwaka wa 1995, Jean Alesi akiwa dereva. Mwaka wa 1996 Ferrari nao wakahamia silenda 10.