Ibn Battuta na kumbukumbu za Kilwa: jinsi ubongo unavyotunza na kupoteza yaliyopita



Bibi anaweza kukusimulia harusi yake ya miaka 50 iliyopita: nguo aliyovaa, ngoma iliyopigwa, hata mvua iliyonyesha. Muulize asubuhi amekunywa chai na nini, hajui. Katika kutembelea kaya nasikia familia zikisema anajifanya. Hajifanyi. Tupate kuelewa kupitia maisha ya msafiri aliyewahi kufika hapa kwetu Kilwa.

Kijana aliyeaga wazazi

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake kwa majonzi akaenda kuhiji Makka. Safari hiyo ilimchukua karibu miaka 24. Mwaka 1331 alipanda chombo pwani ya Arabuni, akapita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa Kisiwani. Alikaa muda mfupi, kisha akaondoka. Baadaye alifika India, Maldives na China. Baharini maharamia walimpora, na baadhi ya maandishi yake yakapotea.

Mwaka 1349, akiwa njiani kurudi nyumbani, alipata habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Hakumkuta hai. Alikwenda Tangier kuzuru kaburi lake.

Miaka michache baadaye Sultani wa Morocco aliagiza safari zake ziandikwe. Ibn Battuta akasimulia, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika na kupamba maneno. Kazi ilimalizika mwaka 1355. Kilwa alikuwa ameiona zaidi ya miaka 20 nyuma.

Alichokumbuka, na kilichobadilika

Alimkumbuka vizuri Sultani wa Kilwa, Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu. Alisimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha Sultani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa mwilini, naye akaenda kubadili, akampa.

Lakini kuhusu majengo, kitabu chake kinasema mji wote ulikuwa wa mbao. Sisi tunaoishi huku tunajua Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa ni vya mawe ya matumbawe, na vilikuwapo zama za Sultani huyo huyo. Huenda nyumba nyingi za kawaida zilikuwa za miti, huenda mwandishi alichanganya, au huenda kumbukumbu ilififia. Jambo hili la mwisho humpata kila mtu.

Kazi ya hipokampasi

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu mbili ndogo zilizopinda, moja kila upande. Huitwa hipokampasi, jina lililotokana na farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Kazi yake ni kufunga pamoja ulichoona, ulichosikia na ulichonusa, liwe tukio moja. Unapolala, hurudiarudia tukio hilo, na taratibu sehemu nyingine za ubongo hulipokea na kulitunza kwa muda mrefu.

Jambo lililogusa moyo, au lililosimuliwa mara nyingi, hukaa zaidi. Ukarimu wa Sultani ulikuwa hivyo. Jambo lisilorudiwa hufifia, na kila tunaposimulia tunaweza kubadili kidogo bila kukusudia kudanganya.

Katika ugonjwa wa Alzaima, hipokampasi ni kati ya sehemu za kwanza kuharibika. Ndiyo maana bibi anapoteza ya leo, huku ya zamani, yaliyokwisha kuhamia kwingine, yakibaki kwa muda.

Kwa mtoto

Hipokampasi ya mtoto mchanga bado inakua, ndiyo sababu hatukumbuki tulivyonyonya. Hata hivyo mtoto anajifunza kila siku. Zungumza naye, mrudishie matukio ya siku, mpe usingizi wa kutosha.

Sehemu hii huumia upesi inapokosa hewa au sukari. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na degedege la muda mrefu vinaweza kuidhuru, na mtoto akapata shida ya kukumbuka na kujifunza shuleni. Mtoto akipata degedege:

- Mlaze ubavu, mahali salama.
- Usimtie kitu chochote mdomoni, wala dawa wala kijiko.
- Usipoteze muda kumfukiza. Mwahishe kituo cha afya mara moja, hata kama degedege limekoma.

Mlaze kwenye chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kwa mzee

Kusahau kwake si ujeuri wala si kurogwa, na yeye si mchawi. Usimgombeze wala usimfanyie mtihani. Weka vitu vyake mahali pamoja, mkumbushe kwa upole, na msikilize anaposimulia ya zamani. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpeleke kituo cha afya haraka, kwani inaweza kuwa malaria, maambukizi, kiharusi au sukari kushuka.

Ibn Battuta alimaliza maisha yake Morocco akiwa kadhi. Mama yake hakupata kusikia habari za safari zile. Wewe mama yako au bibi yako bado unaye: kaa naye leo, muulize habari za ujana wake, na watoto wako wawe karibu wasikie.