William Smith: Mwana wa Mhunzi Aliyeyasoma Matabaka

William Smith alizaliwa mwaka wa 1769 kijijini Churchill, Oxfordshire, nchini Uingereza. Babake, aliyekuwa mhunzi, alifariki Smith akiwa na umri wa miaka minane. Elimu yake ilikuwa haba. Riziki aliitafuta kwa kupima ardhi.

Migodi ya makaa ya mawe na mfereji wa Somerset ndivyo vilivyomfumbua macho. Ardhi ilipochimbuliwa, aliona kwamba matabaka ya miamba yamepangana kwa utaratibu maalumu. Hata hivyo, mawe hughilibu: tabaka moja laweza kufanana mno na jingine lililo mbali chini yake. Smith akavigeukia visukuku. Kila tabaka lilikuwa na visukuku vyake, na popote alipovikuta vile vile, hata maili nyingi mbali, alijua kuwa tabaka ni lile lile. Kwa nini viumbe hao walitofautiana, hilo hakulieleza.

Mwaka wa 1815 alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza na Wales. Madeni yalimlazimu kuiuzia British Museum visukuku vyake, na mwaka wa 1819 akafungwa katika gereza la wadeni. Mwaka uliofuata, Jumuiya ya Jiolojia ya London, ambayo yeye hakuwa mwanachama wake, ilitoa ramani ya bei nafuu iliyochota kutoka kwake. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa wizi wa waungwana. Jumuiya hiyo hiyo ilimtunukia Nishani ya Wollaston, ya kwanza kabisa, mwaka wa 1831.

Alifariki mjini Northampton mwaka wa 1839, akiwa safarini kwenda Birmingham kwenye mkutano wa wanasayansi.